Ndiyo Iliyokwama Dilolo

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, soko la Manika, mjini Kolwezi, halina pa kuweka mguu. Chini ya miavuli ya wauza vocha watu walikuwa wamebanana, huyu anatoa pesa, yule anatuma, na pikipiki za taxi-moto zinapiga honi katikati yao kana kwamba zina haki ya kupita juu ya vidole vya watu. Katika msongamano huo alikuwamo msichana mmoja mwenye jinzi nyeusi, blauzi ya kitenge cha manjano yenye mikono ya puto, na viatu vyekundu vya kisigino kirefu. Alipita kutoka mtu hadi mtu akiomba jambo ambalo sokoni hapo hakuna mwenye akili timamu anayeliomba.

"Tata, unikopeshako telefone yako. Dakika mbili tu."

Tata akaisukuma simu yake ndani zaidi ya mfuko.

"Mama, unikopeshako..."

Mama akahama mstari.

Kijana mmoja mchimbaji, udongo wa mgodi wa Mashamba umemkaukia magotini, akacheka kwa sauti. "Batu, muone! Siku hizi wezi banaomba ruhusa!"

Watu wakacheka. Msichana naye akacheka, na ndipo mwanamume aliyekuwa mbele yake akageuka kumtazama. Alikuwa mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mafaili ya forodha kwapani, na mkononi simu kubwa, mpya, inayong'aa.

"Telefone ya kufanya nini?" akauliza.

"Kujaribu programe. Nimeitengeneza mi mwenyewe. Inaitwa Semako. Unasema, ye inakamua sauti yako inakuwa kadogo, inapita hata fasi yenye rezo ya telefone iko mubaya."

"Na nikikupa, ukikimbia?"

Akainua mguu mmoja, kiatu chekundu kikaning'inia. "Na biatu hibi?"

"Wezi ba Kolwezi banakimbia hata na biatu bya harusi."

"Basi shika sac yangu. Muko kila kitu: pesa, kadi ya uchaguzi, rouge à lèvres ya mudomo."

Mwanamume akaipokea ile pochi, akaitundika begani kama mama anayekwenda kanisani, na mchimbaji akashika mbavu kwa kicheko. Msichana akaweka programu yake kwenye simu, akamsogezea mdomoni.

"Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote."

Akakohoa. "Jina yangu ni Mechack. Nafanya kazi ya transit, mambo ya kamyo na forodha. Huyu dada simujue. Lakini kama ni mwizi, basi Mungu amesumbuka bure kumupa macho ile."

Simu ya msichana ikalia mkobani, begani kwa Mechack mwenyewe, na sauti yake ikatoka humo safi kama maji, mbele ya mstari mzima. Watu wakapiga makofi. Msichana akashika mashavu.

"Inafanya," akasema. "Inafanya kabisa!"

"Na mwenye kuitengeneza anaitwa nani?"

"Domitille. Nyumbani banasema Mbelu."

"Mbelu," akarudia, polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. "Sac yako nikuachie, ao nikufikishe nayo nyumbani?"

*

Mapenzi yao yalianza hivyo na hayakuchelewa kukolea. Mbelu alifanya kazi katika biro ndogo ya programu, ghorofani juu ya duka la dawa, chini ya kaka mmoja mwenye subira aitwaye Stany. Semako ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Makampuni ya malori yalikuwa yameitaka, maana barabara ya kutoka Kolwezi kwenda mpaka wa Angola ina sehemu nyingi ambamo simu hukatika kabla hujamaliza kusema "alo".

Mechack alikuwa anapita biro akitoka kazini, vumbi la barabara kwenye viatu vyake vyenye ncha, akidai amekuja kuripoti matatizo ya programu.

"Leo kuko tatizo gani?"

"Nasikia sauti yako mu telefone, lakini mukono haitoke."

"Hiyo si tatizo ya programe. Ni tatizo ya mwenye telefone."

"Basi mutengeneze mwenye telefone."

Jumapili walikula mishikaki kando ya barabara, Mbelu akiifunika nguo yake kwa leso ili mafuta yasiiguse, Mechack akimpulizia pilipili iliyomwingia jichoni. Alikuwa mtu wa maneno mengi kwenye utani, lakini kwenye mambo mazito alikuwa mpole kupita kiasi, wa kusubiri, wa kutolazimisha. Mbelu alikipenda hicho. Baadaye alikuja kukilaani.

Mwezi wa kumi, mvua zilipoanza, kampuni ikampeleka Mechack Dilolo, kwenye mpaka huo wa Angola, kusimamia malori yanayovuka. Mbelu akamsindikiza hadi uwanja wa malori. Injini zilikuwa zinanguruma, dereva anamwita, na Mechack badala ya kupanda akasimama palepale kwenye matope.

"Mbelu. Mi nataka nikuoe."

"Unaniuliza hapa? Mbele ya kamyo ya saruji?"

"Nikingoja fasi muzuri nitazeeka."

Mbelu akamwangalia, kola ya shati lake safi na suruali iliyorushiwa tope. Jibu lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Unipeko siku kidogo, chéri. Si juu yako. Juu ya tata."

Mechack akaelewa. Baba yake Mbelu, Tata Henri, alikuwa fundi umeme mstaafu wa migodi, mtu wa Kasai, mwana wa mfanyakazi aliyeletwa na migodi enzi za Wabelgiji. Miaka ya tisini, Wakasai walipofukuzwa Katanga, Tata Henri alikuwa miongoni mwa walioondoka na godoro kichwani. Alirudi baadaye, akajenga upya, hakumsema mtu. Lakini Mechack alikuwa Mlunda wa Kasaji, mwana wa nchi, wa upande wa waliofukuza, na hakuna aliyejua mzee angepokeaje.

"Nitangoja," Mechack akasema. "Hata ukikawia, nitangoja. Sitakusumbua na maswali."

Lori likamchukua.

*

Mbelu alimkuta baba yake barazani, anafunga upya waya wa pasi. Akakaa kwenye ngazi, akamweleza yote bila kuinua uso.

"Ni mutu wa wapi?" mzee akauliza.

"Kasaji, tata. Mulunda."

Bisibisi ikasimama.

"Mwaka ile," Tata Henri akasema, "yaya yako, mutoto wetu wa kwanza, alikuwa mugongoni ya mama yako. Jirani mwenye alinifungia mulango alikuwa Mulunda. Nilisimamia ubatizo ya mutoto wake, lakini alinifungia mulango." Akafuta bisibisi kwenye suruali. "Na mwenye alitupa maji pa stasheni, akatufichia mama yako siku mbili nzima, ye pia alikuwa Mulunda. Sasa mi nitasema nini? Nitasema Balunda ni babaya, ao nitasema ni bazuri?"

"Sijue, tata."

"Mi pia sijue. Mulete nimuone. Macho ya mutu njo inasema."

Mbelu akamkumbatia mzee na waya zake zote.

Jioni hiyo akaingia chumbani, akafunga mlango, akavaa blauzi ile ya manjano ingawa hakuna aliyemwona. Kumpigia Mechack hakukufaa, maana rezo ya Dilolo ilikuwa inakata maneno vipandevipande, na neno hili hakutaka lifike nusu. Akafungua Semako. Alikuwa ametoka kuwapelekea watu toleo jipya, na sauti yake ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Akabonyeza, akasema. Alisema ndiyo. Akasema baba amekubali kumwona. Akasema na mengine ya kipuuzi, akacheka katikati, na mwisho akanong'ona jambo ambalo hata ukutani hakutaka lisikike. Akatuma.

Muda si mrefu, alama ya kijani ikawaka kando ya ujumbe: umesikilizwa.

Mbelu akaruka kitandani kama mtoto, akangoja simu ilie. Haikulia.

*

Kule Dilolo, siku moja kabla, ile simu kubwa ya Mechack ilikuwa imemponyoka na kuangukia kwenye dimbwi la dizeli na mvua. Haikuamka tena. Akaenda soko la mpakani akanunua simu ndogo, ya bei nafuu, kama walizonazo madereva wengi, akarudisha humo namba yake na Semako yake.

Alipouona ujumbe wa Mbelu, alitoka kwenye kelele za wapakiaji, akaenda kusimama nyuma ya lori peke yake. Akafunga macho, akabonyeza.

Mstari mdogo ukaanza kutembea kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuna sauti. Ukafika mwisho. Akapandisha sauti hadi juu, akabonyeza tena. Kimya. Akaweka simu sikioni, akaziba sikio la pili kwa kidole, akasikiliza mara ya tatu. Mstari ulitembea taratibu, ujumbe mrefu kabisa, na ndani yake hamkuwa hata pumzi.

Mtu mwingine angesema simu ni mbovu. Lakini simu ilikuwa mpya, na Semako hakuwahi kuiona ikikosea. Tena Mechack alikuwa amengoja jibu hili huku akiliogopa, na anayeogopa huamini haraka. Akamwona Mbelu akilini: amebonyeza, anataka kusema, baba yake amekataa, maneno hayatoki, anabaki na simu mkononi mpaka mwisho, anatuma ukimya wake. Akaona hilo ndilo jibu. Akaona pia ni jibu la mtu mwenye huruma, asiyetaka kulitamka neno la kuumiza.

Akaifuta Semako kwenye simu, asije akaisikiliza mara ya nne.

Kesho yake Mbelu hakuweza kuvumilia. Akapiga. Simu ikashika, ikikwaruza.

"Mechack? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Uliipata ile nilikutumia?"

"Niliipata."

"Basi?"

"Basi... nimeelewa, Mbelu."

"Umeelewa?" Kicheko alichokuwa amekiandaa kikamkauka. "Njo hiyo tu utasema?"

"Sasa niseme nini zaidi? Nimeisikiliza mara tatu. Sina hasira. Aksanti kwa kunijibu."

"Aksanti kwa..."

Rezo ikakatika. Hakuna aliyepiga tena. Mechack aliona akipiga atamlazimisha msichana wa watu kutamka alichoshindwa kukitamka. Mbelu aliona mwanamume uliyemwambia ndiyo, akakujibu aksanti kama umempa chenji, hastahili vocha yako.

Siku zikapita. Mbelu akavaa nguo za kijivu. Tata Henri akauliza, "Mulunda anakuja siku gani?" akajibiwa kwamba malori ni mengi. Mzee akamtazama binti yake alivyokuwa anausukuma ugali wake wa bukari huku na huku kwenye sahani, hakuuliza tena.

*

Ilikuwa Jumatatu Stany alipoingia biro amekunja uso.

"Mbelu, ile kampuni mupya ya kamyo, bale ba shofere ba kukodisha. Banasema Semako ni bubu."

"Bubu namna gani?"

"Banaona ujumbe, banabonyeza, hakuna sauti. Nilidhani banatania. Ona." Akaweka mezani simu ndogo, kioo kimepasuka pembeni.

"Kwangu inafanya," Mbelu akasema.

"Kwako inafanya, kwangu inafanya. Kwa bao haifanye."

Mbelu akaichukua simu kwa uvivu, akabonyeza ujumbe mmoja. Mstari ukatembea. Kimya. Akabonyeza mwingine. Kimya. Akaiunganisha na kompyuta yake, akaanza kusoma maandishi ambayo simu huyaandika kimyakimya inapofanya kazi, na katikati ya mistari mingi akaiona sentensi moja iliyomfanya avute kiti karibu.

Katika toleo lile jipya, kazi ya kukamua na kufungua sauti Mbelu hakuiandika mwenyewe. Aliichukua tayari mtandaoni, imefungwa kama kifurushi. Wenye kazi hii huita kitu hicho maktaba. Simu hazina akili ya aina moja: zile kubwa za siku hizi prosesa yake ni ya aina moja, na zile ndogo za bei nafuu ni ya aina nyingine, ya zamani, na kila moja hudai maktaba iliyoundwa kwa ajili yake. Kifurushi kilikuwa na folda mbili, moja ya simu kubwa, moja ya simu ndogo, zimeandikwa vizuri. Mbelu aliamini maandishi. Sasa akaifungua faili iliyokuwa ndani ya folda ya simu ndogo, akaipima. Ilikuwa ya simu kubwa. Ileile, imewekwa mara mbili.

"Stany, kuja uone," akasema kwa sauti ndogo. "Ni kama kununua pièce ya gari, ya Corolla. Carton imeandikwa Corolla. Unafika nyumbani, unafungua, ndani muko pièce ya Hilux."

"Sasa mbona programe haianguke, haijizime? Si ingelalamika?"

Mbelu ndiye aliyeandika kwamba maktaba ikikataa kuamka, programu isiseme kitu, iendelee tu, isije ikaanguka mbele ya wateja ikamtia aibu. Na ni yeye aliyeandika kwamba ujumbe ukibonyezwa tu, uhesabiwe umesikilizwa. Tena lile toleo jipya alikuwa amelijaribu kwenye simu tatu, zote kubwa.

"Niliifunga mudomo," akasema. "Mi mwenyewe."

"Aah, si kitu. Tutatengeneza. Kisha tutatafuta mutu wa kueleza bashofere ba Dilolo." Stany akacheka. "Bao bote kule bako na bi-telefone bidogo. Hata Mechack, nasikia ile yake kubwa ilikufa mu maji."

Mbelu akageuza kichwa polepole. "Ilikufa siku gani?"

"Sijue. Zamani kidogo, siku za mvua ya kwanza."

Akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. *Nimeisikiliza mara tatu. Nimeelewa. Aksanti kwa kunijibu.* Maneno yale yale, lakini sasa aliyasikia kwa sikio jingine, akasikia sauti ya mwanamume aliyevunjika anayejitahidi kuwa na adabu.

"Mungu wangu! Hakusikia. Stany, hakusikia!"

"Nani?"

Alikuwa ameshapiga. Namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Kama unamutafuta Mechack," Stany akasema, akianza kuelewa, "hawezi kupatikana. Anashinda ngambo, Luau ya Angola, rezo yetu haifike. Kampuni inamupeleka Lobito, kule pa bahari. Anavuka na bitu byake byote juma hii."

Mbelu alitengeneza kosa siku hiyohiyo. Aliunda upya maktaba ya simu ndogo kwa mikono yake, akaipima kabla ya kuiamini, akaandika programu iseme wazi ikishindwa. Simu ile yenye kioo kilichopasuka ikapaza sauti ya dereva anayelalamikia matairi. Lakini kwenye orodha ya watumiaji aliona Mechack ameiondoa Semako kwenye simu yake tangu siku ileile ya ujumbe. Hakuna toleo jipya ambalo lingemfikia huko aliko.

Akaenda kuomba nafasi kwenye gari linaloelekea Dilolo.

*

Gari lilikuwa Land Cruiser ya Mama Valérie, mfanyabiashara mnene mwenye vitenge viwili juu ya kimoja, anayepeleka unga mpakani na kurudi na makayabu, samaki wakavu wa chumvi, na sukari ya Angola. Walipita Mutshatsha kwenye matope, wakalala Kasaji, wakaendelea. Kila gari lilipokwama Mbelu alishuka kusukuma pamoja na vijana, mpaka jinzi yake haikuwa na rangi.

"Mutoto wangu," Mama Valérie akasema, "unaenda kufanya nini Dilolo na kucha za rangi ile?"

"Kutengeneza telefone ya mutu, mama."

"Kolwezi nzima ikose fundi, Dilolo ikose fundi, ni we tu?"

"Ni mi tu."

Mama Valérie akamtazama kwa upande, akatafuna kolanati. "Telefone ile ina ndevu?"

Mbelu akacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukubali kurudi. Akaeleza yote. Mama Valérie akasikiliza, kisha akampiga dereva begani. "We! Ongeza mwendo. Kuko mutu anataka kuenda Lobito na ujinga wake."

Walifika saa ambazo mpaka umefungwa kwa chakula cha mchana. Malori yalikuwa yamepanga foleni, madereva wamelala chini yake. Mechack alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori la mbele, anafunga begi lake kwa kamba nyuma ya kiti. Ndevu zilikuwa zimemwota, na shati halikuwa limepigwa pasi.

"Mechack!"

Akageuka. Akamwona mwanamke mwenye tope hadi mapajani, viatu vyekundu mkononi.

"Mbelu? Kuko nini? Tata yako...?"

"Tata iko muzima. Telefone yako iko wapi?"

"Telefone?"

"Niliuliza Kiswahili. Telefone."

Akaitoa mfukoni, kitu kidogo cheusi. Mbelu akaishika juu, akaiona, akaanza kutikisa kichwa.

"Njo hii. Ilikuwa bubu, chéri. Semako yangu ilikuwa bubu mu telefone yote ya namna hii. Kosa yangu. Ulisikia nini mule?"

"Sikusikia kitu. Kimya, mpaka mwisho. Nilifikiri umeshindwa kusema."

"Mi nishindwe kusema? Mi?"

"Nilifikiri tata amekataa na hautaki kuniumiza."

"Na haukuniuliza!"

"Nilikuambia sitakusumbua na maswali."

"Siku ingine unisumbue!" Mbelu akapiga kelele, na madereva wawili wakaamka. "Unisumbue, Mechack! Unisumbue mpaka jirani balalamike!"

Mechack akashuka ngazi moja. "Sasa ulisema nini mule?"

Mbelu akaona madereva wamekaa vitako kutazama, akaona Mama Valérie ameegemea gari, mikono kifuani, anangoja naye. Chumbani kwake maneno haya yalikuwa rahisi.

"Nilisema ndiyo. Nilisema tata anataka akuone macho. Nilisema ukikoroma nitakulalisha na kuku. Nilisema batoto bataitwa majina ya kwetu na ya kwenu, tutagawanya." Akawatupia jicho madereva. "Na mwisho nilisema kitu, lakini ile siisemi mbele ya batu hawa."

"Aah, dada, sema!" dereva mmoja akaomba.

Mechack alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori, uso viganjani, mabega yanatikisika. Mbelu hakujua kama analia au anacheka mpaka alipomwinua kidevu, akaona ni vyote viwili.

"Na mi nikakuambia aksanti," Mechack akasema.

"Ukaniambia aksanti kwa kunijibu. Kama mutu wa posta."

Mechack akamkumbatia hapohapo, tope na yote, na Mama Valérie akapiga vigelegele vilivyofika ng'ambo.

Lakini begi lilikuwa bado limefungwa kwenye lori. Mechack alikuwa wa kwanza kulikumbuka.

"Mbelu, nimesaini. Lobito, mwaka moja."

Hilo Mbelu hakuwa na dawa yake kwenye kompyuta. Akatazama barabara inayoshuka kuelekea mpaka, vidole vyake vikichezea kifungo cha shati la Mechack.

"Mukataba ni mukataba," akasema mwisho. "Utaenda. Lakini hauvuke leo. Utafika kwanza Kolwezi, uonane na tata, uende Lobito ukiwa bwana wa mutu. Mi nitakufuata siku zangu za konje, za likizo, na Stany nitamuambia programe inaandikwa hata kando ya bahari."

Mechack akaingia ofisini kwa shefu wake. Sauti zikasikika, ya mmoja ikipanda, ya mwingine ikibaki palepale, chini, haikubali kutoka. Alipotoka alikuwa amepewa juma moja, na shefu alitokeza kichwa dirishani kumwona mwanamke aliyeleta kashikashi hiyo.

"Umpigie tata," Mechack akasema. "Nisipomusalimia leo nitakuwa nimekuiba."

Mbelu akapanda juu ya ngazi ya lori kutafuta rezo, mkono juu, mpaka simu iliposhika.

"Tata? Niko Dilolo."

"Najua uko Dilolo," sauti ya Tata Henri ikasema, kavu. "Ulisema kazi. Kazi gani inamutoa mutu saa ya jogoo na rouge à lèvres? Uko na nani?"

Mechack akaipokea simu. Akajiweka wima, akafunga vifungo vya shati hadi shingoni, kana kwamba mzee anamwona.

"Bonjour, tata. Njo mi, Mechack."

"We njo Mulunda?"

"Njo mi, tata."

Kimya kikapita. Mechack akakodoa macho, akiogopa kwamba simu imekuwa bubu tena. Kisha sauti ikarudi.

"Mutoto wangu alifika salama?"

"Alifika, tata."

"Amekula?"

Mechack akamtazama Mbelu, matope yake, midomo yake iliyokauka. "Bado, tata."

"Bado?" Mzee akaguna. "Kijana, unisikie vizuri. Mambo ya ndoa nitazungumza na bakubwa yako, hapa kwangu, tukiwa tumekaa. Si na we, na si mu telefone. We leo kazi yako ni moja. Mulishe mutoto."

Rezo ikakatika.

"Anasema nini?" Mbelu akauliza.

"Anasema ule."

"Na ndoa?"

"Anasema kwanza ule."

Mbelu akashuka kwenye ngazi, akavaa viatu vyake vyekundu juu ya matope, akamshika mkono. "Basi twende," akasema. "Kwani mi niko na njaa ya kufa."